Kulala Porini Katika Nchi ya Simba

Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, iko kusini ya bonde kubwa la Ziwa Rukwa. Mto Momba hupita wilayani humo na kumwaga maji yake ziwani. Na mbali zaidi, kaskazini-magharibi ya ziwa, ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974. Katika hifadhi zetu za taifa zipo kambi maalumu ambazo hazina uzio, bomba la maji wala choo. Mgeni huoneshwa mti na uwanda, akasimamisha hema lake, na usiku unapoingia hakuna kinachomtenga na wanyama ila kitambaa.

Katika misitu ya Marekani Kaskazini hofu ya mpiga kambi ni dubu. Dubu huongozwa na pua, na kwa hiyo wapiga kambi wa huko hufungia vyakula katika makasha ya chuma, mbali na mahali pa kulala. Afrika kusini ya Sahara haina dubu. Hata hivyo kanuni ile ya chakula hufaa huku pia, kwa sababu ya fisi na hasa tembo, ambaye aweza kulipasua hema kwa ajili ya matunda machache. Simba hafuati mchuzi. Yeye ni mwindaji, na silaha yake ya kwanza ni giza.

Nyuma ya jicho la simba upo utando unaorudisha nuru, hata chembe ya nuru iliyopita bila kunaswa ipate kunaswa mara ya pili. Ndio utando huohuo unaofanya macho ya paka yang'ae yanapomulikwa kwa kurunzi. Usiku wa mbalamwezi faida hiyo hupungua, kwani mawindo nayo huona. Wataalamu waliopima matumbo ya simba wa Serengeti wamegundua kwamba simba hula kidogo nyakati za mwezi mpevu. Mwezi unapoanza kuchelewa kuchomoza, simba huwa na njaa na giza limerudi.

Craig Packer na wenzake, miongoni mwao Watanzania Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir wa Marekani, walieleza mwaka 2005 kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wengine 308 au zaidi. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ulionesha kwamba mashambulio mengi hutokea baina ya machweo na saa 4 usiku, na kwamba siku kumi zinazofuata mwezi mpevu ndizo za hatari zaidi.

Waliouawa hawakuwa watalii. Wengi walikuwa wakulima, na kilele cha vifo kilikuwa msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Nguruwe mwitu huvamia mashamba usiku, na mkulima hulazimika kulala shambani katika dungu la miti na nyasi, wakati mwingine pamoja na watoto, ili aokoe mahindi au mpunga wake. Simba huwafuata nguruwe, akamkuta mtu. Huku ndiko kupiga kambi kulikoenea zaidi nchini, ingawa hakuna anayekuita hivyo, na dungu halina hata zipu ya hema.

Hema lenyewe si ngome. Huko Tsavo, Kenya, mwaka 1898, simba wawili walipenya maboma ya miiba na kuwatoa wajenzi wa reli katika mahema yao. Uchunguzi wa mifupa na manyoya yao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Lakini kwa kawaida hema lililofungwa barabara halionekani kama windo. Hatari humkabili zaidi aliye nje: anayekwenda haja peke yake, anayechota maji jioni, au aliyelala kando ya moto ambao umekwisha kuzimika.

Wanafunzi waweza kuzihesabu wenyewe saa za giza. Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo, kisha kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku ya tatu uchelewaji ni dakika 150. Jua likizama saa 12:30 jioni, mwezi utaonekana kama saa 3 usiku. Siku ya tano ni dakika 250, yaani saa 4:40 usiku. Katika saa hizo zote nne na ushei nguruwe wamo shambani, na mkulima hushuka kutoka dunguni, debe mkononi, kwenda kuwafukuza.