Dawa ya Usingizi na Saratani ya Utumbo: Usiahirishe Upasuaji kwa Kuhofia Gesi

Mgonjwa aliyepangiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana huingia hospitalini na maswali mengi. Je, atatoka akiwa na mfuko wa choo tumboni? Bima italipa kiasi gani? Siku hizi limeongezeka swali jingine, ambalo huzua mjadala katika familia hadi wengine wakataka tarehe ya upasuaji isogezwe mbele: je, ni kweli kwamba dawa ya usingizi inayovutwa kama hewa huifanya saratani irudi?

Swali hili halikutoka hewani. Madaktari wenyewe wamelichunguza kwa zaidi ya miaka kumi, na wakazi wanastahili kuelezwa yaliyopatikana.

Kuna njia mbili kuu za kumlaza mgonjwa usingizi mzito, yaani nusukaputi. Ya kwanza ni gesi, kama vile isoflurani, sevoflurani au halothani ya zamani, ambayo huchanganywa na oksijeni na kuingia mapafuni kupitia mashine. Ya pili ni dawa ya kudungwa kwenye mshipa, hasa propofoli, ile nyeupe kama maziwa. Mara nyingi mgonjwa huanzishiwa propofoli kisha akaendelezwa kwa gesi, ndiyo maana wengi hukumbuka sindano pekee na hawajui kwamba walivuta gesi pia. Kumlaza mtu kwa propofoli tangu mwanzo hadi mwisho kunahitaji pampu maalumu ya kupimia dawa, umeme usiokatika na mtaalamu aliyezoea njia hiyo. Gesi, kwa upande wake, imekuwa tegemeo la vyumba vingi vya upasuaji nchini.

Wasiwasi ulianzia maabara. Upasuaji wenyewe huuchosha mwili, na kwa siku chache kinga hupungua nguvu. Wakati huohuo, seli chache za saratani huenda zikaponyoka na kuingia kwenye damu. Askari wa mwili wanaozikabili seli kama hizo ni aina fulani ya chembe nyeupe za damu. Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba gesi huweza kuwadhoofisha askari hao, ilhali propofoli huwaathiri kidogo zaidi.

Kisha watafiti wakafungua mafaili ya wagonjwa. Mwaka wa 2016, hospitali moja ya saratani mjini London ilichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 7,000, na waliolazwa kwa gesi walionekana kufariki kwa wingi zaidi kuliko waliolazwa kwa propofoli. Mwaka wa 2021, watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi uliohusu saratani ya utumbo moja kwa moja. Walilinganisha zaidi ya wagonjwa 8,000 na kuona kwamba uwezekano wa saratani kurudi ulikuwa juu kidogo kwa waliopewa gesi, kwa takriban asilimia 12. Asilimia hiyo isisomwe vibaya. Haina maana kwamba watu 12 zaidi katika kila 100 walirudiwa na saratani. Kama katika kundi moja wanarudiwa watu 17 kati ya 100, ongezeko la namna hiyo huwafanya wawe takriban 19 katika kundi la pili. Tena, idadi ya waliofariki haikutofautiana.

Tafiti za mafaili zina udhaifu wake. Daktari hachagui dawa kwa kupiga kura. Humtazama mgonjwa, vifaa vilivyopo na uzito wa kazi iliyo mbele yake. Kwa hiyo makundi mawili yanaweza kutofautiana tangu mwanzo, na dawa ikabebeshwa lawama isiyo yake. Kipimo cha haki ni kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu.

Kipimo hicho kimefanyika, ingawa si sana kwa saratani ya utumbo. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2019 yalihusu zaidi ya wanawake 2,000 wenye saratani ya matiti katika nchi nane. Nusu walipewa sevoflurani pamoja na dawa kali za maumivu, nusu wakapewa propofoli na ganzi ya kifuani. Saratani ilirudi kwa takriban mmoja kati ya kumi katika kila kundi. Nchini China, zaidi ya wazee 1,200 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa saratani waligawanywa vivyo hivyo kati ya sevoflurani na propofoli, na muda walioishi haukutofautiana. Utafiti mwingine unaoongozwa kutoka Australia umeundwa kuandikisha zaidi ya wagonjwa 5,000 wa saratani ya utumbo na ya mapafu ili kulijibu swali hili waziwazi.

Kwa sasa, basi, hakuna sababu ya mkazi kukataa upasuaji, kuuahirisha au kuuza ng'ombe ili ahamie hospitali ya mbali kwa ajili ya aina ya dawa ya usingizi. Uvimbe haumsubiri mtu akimaliza kuulizia gesi. Ukiachwa, huweza kuziba utumbo, na upasuaji wa dharura usiku wa manane una hatari nyingi kuliko ule uliopangwa.

Yapo mambo yenye uzito mkubwa zaidi. La kwanza ni hatua ambayo saratani imefikia inapogunduliwa. La pili ni upasuaji kuondoa uvimbe wote pamoja na tezi za limfu za karibu. Wataalamu hutaka angalau tezi 12 zipimwe maabara. Familia ina haki ya kuuliza ripoti hiyo inasema nini, na kuitunza. Mgonjwa akiandikiwa tibakemikali baada ya upasuaji, asichelewe kuianza. Hapa ndipo wengi hupotea: kidonda kimepona, nauli imekwisha, na kliniki iko kaunti nyingine.

Pia kuna mazoezi. Mwaka wa 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo waliokwisha kumaliza tibakemikali. Waliofuata mpango wa mazoezi kwa miaka mitatu chini ya msimamizi walirudiwa na saratani kwa uchache kuliko wale waliopewa kijitabu cha ushauri tu.

Siku ya kuonana na mtaalamu wa nusukaputi, mgonjwa amweleze dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo, pamoja na mzio alio nao na kama anavuta sigara. Iwapo kuna mtu wa ukoo aliyewahi kupata matatizo makubwa akiwa usingizini chumba cha upasuaji, asemwe bila kufichwa. Hapo aina ya dawa hubadilishwa kwa sababu ya msingi kabisa. Swali la gesi pia linaruhusiwa, na mtaalamu atalijibu.

Baada ya upasuaji, miaka miwili hadi mitatu ya kwanza ndiyo ya kuangaliwa sana, kwa vipimo vya damu, picha, na kamera ya utumbo takriban mwaka mmoja baadaye. Aliyepoteza kadi ya miadi arudi kliniki akaandikiwe nyingine, au amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini mwake. Na yeyote anayeona damu kwenye choo, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, asijitibu kama mwenye bawasiri. Afike kituo cha afya kilicho karibu akapimwe.