Kalamu ya Marehemu Mzazi

Mwenyezi Mungu ameiapia kalamu katika Surat Al-Qalam, sura ya 68. Si ajabu, basi, kuona familia zetu zikihifadhi kalamu ya wino ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki. Baadhi ni za thamani kubwa, kama Meisterstück ya kampuni ya Montblanc ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1924, yenye nibu ya dhahabu.

Kalamu kama hiyo ikivuja au nibu ikipinda, aghalabu vipuri vyake hupatikana kwa mtengenezaji mwenyewe. Tunanasihi mambo matatu. Kwanza, maadamu mirathi haijagawanywa, warithi wote waridhie kabla haijasafirishwa. Pili, imwagwe wino na kusafishwa kwa maji baridi, na gharama zijulikane kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Tatu, kiwanda kiombwe kuinyoosha nibu ya zamani ikiwezekana, kisiharakie kuweka mpya. Kwani nibu hulika polepole kwa kuufuata mkono wa mwandishi, na mkono ule haupatikani tena.

Nayo ikirejea, tusiifungie kabatini. Tuandikie kwayo madeni yetu, wasia wetu na barua za kuunga udugu.