Kutoka Mgomba Hadi Mkoma

Aghalabu mzazi wa Kanyakine, huku kwetu Meru, akisikia habari za mji wa kitalii uliojengwa jangwani, mahali ambapo aila nzima yaweza kwenda kustarehe pamoja na watoto, fikira zake hukimbilia Dubai. Vijana wetu kadha wa kadha wamekwenda Ghuba kutafuta riziki, na picha wanazotuletea zinauonyesha mnara wa Burj Khalifa wenye urefu wa mita 828, uliofunguliwa mwaka 2010, kama zinavyouonyesha ule ukumbi ambamo tangu mwaka 2005 watoto huteleza juu ya theluji ilhali nje ya ukuta jua linachoma mchanga. Sina kinyongo na mji ule, wala simlaumu anayeutamani. Lakini kila nimwonapo mtoto ameketi chini ya mgomba wa baba yake, amekodolea macho picha hizo kwenye simu, moyo wangu huingiwa na simanzi, kwa sababu nchi kame yenye maajabu yake iko nyuma ya mlima uleule anaouona kila kunapopambazuka, wala hapana aliyepata kumwambia.

Basi muradi wangu ni kueleza safari ya kuwashusha watoto kutoka Kanyakine mpaka Isiolo, na kutoka Isiolo mpaka kingo za mto Ewaso Ng'iro, safari ambayo mtu akiondoka alfajiri aweza kuimaliza kabla jua halijawa kali. Nchi ile si bahari ya mchanga mtupu kama majangwa ya Arabuni. Wanajiografia huiita nusu jangwa, maana ina miiba, ina vichaka, na ikinyeshewa huota majani kwa muda mfupi. Kwa mtoto aliyezaliwa kati ya kahawa na migomba, ambaye hajapata kuona shamba lisilokuwa na kijani, tofauti hiyo haina uzito. Macho yake yatamwambia kwamba amefika jangwani, na hayatakuwa yamemdanganya sana.

Kabla ya kufunga mizigo ni vyema mzazi ajue kwa nini nchi mbili zilizopakana zimepewa mafungu yasiyolingana, kwa kuwa swali hilo ataulizwa njiani. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, zile ambazo mabaharia wa pwani walizipa majina ya kusi na kaskazi na kuzitegemea kwa majahazi yao, huingia bara zikiwa zimebeba unyevu. Zikikutana na Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5199, hazina budi kupanda, zikipanda hupoa, na zikipoa hutua mzigo wao wa mvua juu ya mashamba ya upande wetu wa mashariki na kusini. Upepo unaovuka ng'ambo ya pili hufika kule umekwisha kukamuliwa. Mito nayo imegawanyika vivyo hivyo: yetu huteremka kuingia Tana, na Tana huifikisha baharini, lakini ile ya upande wa kaskazini na magharibi hukusanyika katika Ewaso Ng'iro, mto usiokuwa na bahari ya kuufikia, ambao baada ya kuinywesha nyika yote ile aghalabu huishia katika kinamasi cha Lorian.

Njia yenyewe ni darasa. Kati ya Nkubu na mji wa Meru gari huvuka ikweta, na mtoto akiambiwa kwamba sekunde moja alikuwa kusini mwa dunia na sekunde iliyofuata yuko kaskazini, huwa kama aliyepewa tunu. Ukishapita Meru, ukaifuata barabara ya Subuiga, unapanda tena mpaka kwenye baridi na mashamba ya ngano. Kisha, ghafla, ardhi inainama. Hapo nashauri gari lisimamishwe mahali pa salama, na watoto washuke watazame. Mbele yao nchi imetandikwa kama mkeka uliofifia rangi, haina mwisho, na siku ambayo hakuna vumbi huonekana mbali sana mlima wa Ololokwe, uliokatika ubavu kama mkate. Kutoka pale hadi Isiolo kuna mteremko wa karibu mita elfu moja. Masikio huziba, masweta huvuliwa moja baada ya jingine, na mikuyu na mikaratusi huachia nafasi migunga.

Wazee wa kwetu wanakumbuka kwamba mteremko huu ulikuwa mlango uliofungwa. Serikali ya Waingereza iliitenga nchi yote ya kaskazini, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ya hati ya ruhusa. Na baada ya uhuru, vita vilivyoitwa vya Shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967, viliacha makovu ambayo hayajapona yote. Ndiyo maana mpaka miaka ya karibuni mtu wa Marsabit au Moyale akisafiri kwenda Nairobi alisema anakwenda Kenya. Barabara ya lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale imekamilika katika mwongo wa pili wa karne hii tu. Mtoto wa Kanyakine anayeteremka leo akila njugu dirishani apite mahali hapo akijua kwamba babu yake hakupita kwa wepesi namna hiyo.

Isiolo ni mji usiofanana na mji wowote wa Meru, na wasafiri wengi hukosea kwa kuupita mbio kuwahi wanyama. Wamo Waborana na Wasomali, Wasamburu na Waturkana, na Wameru wenzetu wenye maduka na vibanda; baadhi ya Wasomali wa hapo ni wajukuu wa askari waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakapewa maskani hapo vita vilipokwisha. Sauti ya adhana hutoka misikitini, na harufu ya iliki katika chai ya maziwa hutoka mikahawani. Waonjesheni watoto maziwa ya ngamia, hata kama watakunja uso. Waagizieni nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa ikahifadhiwa katika mafuta, ili wapate kufahamu namna watu wasiokuwa na mto wala jokofu walivyoishinda njaa ya safari. Na wafundishwe mapema kwamba ngamia na mchungaji wake si maonyesho. Anayetaka picha huanza kwa salamu, akaomba, na akinyimwa hushukuru akaenda zake.

Kutoka mjini hadi Archer's Post ni mwendo wa takriban kilomita 35, na hapo ndipo penye hifadhi tatu zilizokaa kama ndugu: Samburu upande wa kaskazini wa mto, Buffalo Springs upande wa kusini, na Shaba upande wa mashariki wa barabara kuu. Kwa aila yenye watoto wadogo mimi napendelea Buffalo Springs na Samburu, kwa sababu ni ndogo, na mtoto hachoki kabla hajaona kitu. Kingo za mto zimeota mikoma, ile minazi ya nyika inayogawanya shina lake matawi mawili mawili, jambo ambalo mnazi wa pwani haulifanyi kamwe. Tembo hula koma zake na kuzisambaza mbegu kila waendako, hata mtu aweza kusema kwamba bustani ile ina watunzaji wake.

Wako wanyama watano ambao wenyeji wa huko hujivunia, kwa kuwa mbuga za kusini mwa Kenya hazinao wote watano. Twiga wa huko ana ngozi iliyochorwa kwa mistari myeupe iliyonyooka, utadhani amevishwa wavu wa mvuvi. Mbuni dume wa Kisomali ana shingo na mapaja ya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Choroa, mwenye pembe mbili zilizonyooka kama mikuki, huacha joto la mwili wake lipande mchana ili asipoteze maji kwa jasho. Swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma, akanyoosha shingo yake nyembamba hadi kwenye majani ambayo mbuzi hayafikii, na maji ya majani hayo humtosha hata akakaa muda mrefu bila kunywa. Watoto huyapenda haya ya swala twiga kuliko yote. Nimewaona wakijaribu kusimama kama yeye ndani ya gari mpaka dereva akawasihi waketi.

Wa tano ni punda milia wa Grevy, mwenye masikio ya mviringo, tumbo jeupe na michirizi myembamba iliyosongamana. Jina hilo alipewa kwa heshima ya Jules Grévy, Rais wa Ufaransa, aliyeletewa mnyama huyo kutoka Uhabeshi mwaka 1882. Idadi yao duniani sasa yakadiriwa kuwa yapata 3000 tu, na walio wengi wako Kenya. Hapana wawili wenye michirizi sawa, kama ambavyo hapana watu wawili wenye alama sawa za vidole. Kwa sababu hiyo mwaka wa kwanza wa hesabu yao kubwa ya kitaifa, nao ni 2016, wananchi wa kawaida, watoto wakiwemo, waliombwa wazunguke na kamera na kupiga picha za ubavu wa kulia wa kila punda milia waliyekutana naye, na kwa picha hizo wataalamu wakapata hesabu. Sijui kazi nyingine ya elimu ambamo mtoto wa shule ya msingi alisaidia kwa haki namna hiyo.

Jioni, watoto wakishaoga, ndio wasaa wa kuwasimulia habari za simba wawili. Mwaka 1956 George Adamson, mlinzi wa wanyama aliyekuwa na makao yake Isiolo, alimuua simba jike akaleta nyumbani watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, na wa tatu, Elsa, akalelewa na mkewe Joy, akafundishwa kuwinda, akarudishwa porini huko Meru, ambako alifariki mwaka 1961 na ambako kaburi lake liko hata leo. Wa pili ni Kamunyak, jina lenye maana ya aliyebarikiwa kwa Kisamburu, ambaye yapata mwaka 2002 katika hifadhi ya Samburu alimchukua ndama wa choroa akamlinda kama mwanawe siku nyingi, yeye mwenyewe akishinda na njaa, mpaka simba dume akamla ndama huyo; naye Kamunyak akatafuta mwingine. Msiwafiche watoto mwisho wake. Wanaweza kuubeba.

Katika mambo ya tahadhari nitasema machache. Jua la huko halina huruma na kichwa kisichozoea, kwa hiyo kila mtoto awe na kofia na chupa yake mwenyewe ya maji, anywe kabla hajaona kiu. Saa za kutembea ni tangu alfajiri mpaka saa nne, na tena tangu saa kumi jioni, na katikati yake watu wote walale kivulini. Mto una mamba. Makorongo makavu si viwanja vya mpira, kwa kuwa mafuriko huweza kutoka milimani ilhali juu yenu hakuna wingu. Mwezi Machi mwaka 2010 Ewaso Ng'iro ilivimba ikazoa kambi na hoteli za kingoni. Gari ni ghali, lakini aila tatu au nne za jirani zikichanga, gharama hupungua, na watoto hupata wenzao. Aidha, ulizeni hali ya njia Isiolo kabla ya kuendelea.

Mara ya kwanza nilipowachukua watoto wa ndugu yangu, ilikuwa mwisho wa kiangazi, na karibu na Archer's Post tuliwakuta kina mama wa Kisamburu wamefukua shimo katika mchanga wa korongo, wakichota maji kwa kikombe, kikombe kimoja kwa kusubiri, mpaka dumu lijae. Mkubwa wao akaniuliza, “Baba mdogo, maji yao yamekwenda wapi?” Nikamweleza habari za pepo na mlima. Akasikiliza, kisha akasema, “Basi yako kwetu.” Nilinyamaza, kwa sababu jibu langu lilikuwa nusu. Mlima huzuia mvua, hilo ni kweli, lakini maji ya mito inayolisha Ewaso Ng'iro hupungua pia kwa kuvutwa kwa mabomba na mifereji kumwagilia mashamba ya juu, hata katika miaka ya ukame sehemu za chini za mto hukauka kabisa. Nikamweleza na hayo.

Nalikumbuka swali lile kila nisomapo juu ya mji mpya. Katika Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo ya taifa uliozinduliwa mwaka 2008, Serikali ya Kenya iliitaja Isiolo kuwa mojawapo ya mahali pa kujengwa miji ya mapumziko. Pametajwa Kipsing, magharibi ya mji, na uwanja wa ndege wa Isiolo umekwisha kufunguliwa tangu mwaka 2017. Mji wenyewe ungali mpango. Wafugaji wanauliza malisho yao yatakuwa ya nani, nami nauliza maji yake yatatoka wapi. Rai yangu ni kwamba wasijaribu kuitengeneza Dubai ya pili, kwa maana Dubai hunywa bahari iliyotolewa chumvi kwa mitambo, na Isiolo haina bahari. Watengeneze kwanza mahali ambapo mtoto wa Kanyakine na mtoto wa Kiborana watalala kwa bei ambayo baba zao wote wawili wanaweza kulipa.

Tuliporudi siku ile, tukipanda Subuiga, baridi ikaingia na madirisha yakafungwa. Kanyakine tulifika usiku, mvua inanyesha. Yule mkubwa hakukimbilia ndani pamoja na wenzake. Alisimama chini ya mchirizi wa bati, chupa yake mkononi, akiikinga mpaka ikajaa.