Mteja Analikosea Wapi Jina Lako?

Kazi yangu ni kuchora vibao vya biashara na kutengeneza tovuti, hapa Dar es Salaam. Mteja mpya akiketi, kabla hatujafungua kompyuta humwomba ampigie simu ndugu au rafiki, amtajie jina la biashara mara moja tu, kisha huyo wa upande wa pili aliandike na kulituma kwa ujumbe. Majibu yanayorudi ndiyo huniongoza kumshauri asajili majina mangapi ya intaneti.

Mama mmoja muuza vito alikuwa na neno dhahabu katika jina lake. Dada yake akaandika zahabu, na shemeji yake vilevile. Mwingine, muuza viungo, aliletewa karafu yenye u moja. Haya si makosa ya watu wasiosoma. Ndivyo jina linavyosikika masikioni, na mteja huandika alichosikia. Wauza maziwa nao wana taabu yao: kibao kinaipokea ng'ombe na ritifaa yake, lakini kwenye anwani ya intaneti ya kawaida zinaingia herufi a hadi z, tarakimu na kistari tu. Ritifaa haipiti. Itabidi iwe ngombe, na hilo lijulikane kabla kibao hakijapakwa rangi.

Hata wakubwa wamepitia hapo. Jeff Bezos alipoanzisha Marekani mwaka 1994 kampuni ambayo leo ni Amazon, aliiita Cadabra. Mwanasheria wake akasikia kwenye simu neno la Kiingereza la maiti, na jina likaachwa. Bezos alisajili pia relentless.com. Duka halikuitwa hivyo, lakini kwa miaka mingi aliyeandika anwani hiyo amejikuta Amazon. Hiyo ndiyo kazi ya jina la pili: kumpokea aliyepita njia nyingine na kumfikisha palepale.

Jina la kikoa, ambalo wengi tunaliita domeini, ni anwani wanayoandika watu badala ya namba ambazo kompyuta hutumia kutafutana. Mfumo huo ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Tunasema tunanunua domeini, ila kwa kweli tunaikodi kwa msajili, mwaka hadi mwaka, na ya .com unaweza kuilipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Kwa hiyo kila jina unaloongeza ni bili itakayorudi. Wauzaji watakuwekea mbele .net, .biz, .shop na .online, na kukutisha kwamba mwingine atayawahi. Mimi nawashauri wafanyabiashara wadogo wachukue jina sahihi kwa .co.tz na kwa .com, pamoja na kosa moja au mawili yaliyojitokeza kweli kwenye ile simu. Zaidi ya hapo, pesa iende kwenye picha nzuri za bidhaa.

Baada ya kuyapata, chagua moja liwe kuu. Ndilo liandikwe kwenye kibao, risiti, mifuko na ubavu wa bajaji. Mengine yaelekezwe kwake kwa uelekezaji wa kudumu, ambao mafundi huuita 301: mtu akiandika jina lenye kosa, anahamishiwa kwenye tovuti kuu bila kubonyeza chochote, na Google nayo inaelewa kwamba biashara ni moja. Usikubali fundi akunakilie tovuti ileile chini ya majina matatu. Bei utaibadilisha mahali pamoja, pengine pawili utasahau, na mteja atakuja na bei ya mwaka jana mkononi.

Barua pepe ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mtu akikosea anwani ya tovuti, mara nyingi huona hitilafu na kujaribu tena. Akikosea anwani ya barua, oda yake inaweza kuangukia kwa mtu mwingine aliyesajili jina hilo lenye kosa. Na mwenye nia mbaya akilishika jina linalofanana na lako, anaweza kumwandikia mteja wako kwamba akaunti ya benki imebadilika, malipo yatumwe kwingine. Jina ni lako kasoro herufi moja, na jicho lenye haraka haliioni. Ndiyo maana jina la kosa linastahili kulipiwa hata kama halina tovuti: barua zake zote zipokelewe na kupelekwa kwenye sanduku lako kuu.

Kisha uliza: domeini imeandikwa kwa jina la nani? Nimekutana na mwenye nyumba ya wageni ambaye anwani yake ilisajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi aliyekwisha hama mji. Kila ilani ya malipo ilikuwa ikienda kwa fundi huyo. Akaunti ya msajili iwe yako, nywila iwe yako, na fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi tu. Kusahau malipo kunawakuta hata matajiri: Desemba 1999 Microsoft ilichelewa kulipia passport.com, huduma ya Hotmail ikayumba, hadi mwanaprogramu mmoja wa Marekani alipowalipia dola 35 kwa kadi yake. Domeini ya .com iliyopita tarehe yake haipotei siku hiyohiyo. Baada ya msajili kuifuta kuna siku 30 za kuikomboa, kwa ada iliyo kubwa kuliko ya kawaida, kisha siku 5 za kungoja, halafu yeyote anaweza kuichukua.

Wala usichanganye usajili huu na ule wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania. Kuwa na domeini hakukupi alama ya biashara, na cheti cha BRELA hakikuhifadhii domeini. Ni vyema kuangalia pote siku moja, kabla ya kulipia popote.

Lipo jambo moja linalostahili tovuti ya pili yenye jina lake: biashara mbili zenye wateja wasiofanana. Yule mwenye nyumba ya wageni ana pia mgahawa. Watalii wanatafuta vyumba na tarehe. Watu wa mtaani wanataka kujua kama leo kuna pilau na kama inaletwa mpaka ofisini. Hao nilimtenganishia.