Kofia ya bluu vitani: Sheria inasemaje askari wa amani anapoamriwa kushambulia?

SEHEMU YA TATU

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona jinsi Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949 inavyomlinda raia, majeruhi na mateka, na jinsi Mkataba wa Umoja wa Mataifa unavyolizuia taifa moja kulivamia jingine. Leo tunafika kwenye swali linalotugusa sisi watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu vijana wetu wamelilipia kwa damu. Umoja wa Mataifa wenyewe unapotuma askari kwenda kushambulia, askari hao wanabanwa na sheria gani? Na anayewashambulia wao anahesabiwaje?

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, huku askari wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Congo, wakiwa mjini humo humo. Waasi waliondoka mwanzoni mwa Desemba kwa shinikizo la viongozi wa Maziwa Makuu, lakini aibu ilibaki. Wakazi wa Goma waliuliza walinda amani wana kazi gani ikiwa mji unatekwa mbele ya macho yao. Tarehe 24 Februari 2013 nchi 11 zilitia saini mjini Addis Ababa Mpango wa Amani, Usalama na Ushirikiano, na tarehe 28 Machi Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 2098.

Azimio hilo liliunda Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, inayojulikana kwa kifupi kama FIB: vikosi vitatu vya askari wa miguu, kikosi kimoja cha mizinga na kombania moja ya makomandoo na upelelezi, makao yake makuu yakiwa Goma. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Walipewa kazi ya kuvishambulia vikundi vyenye silaha na kuvivunja nguvu, peke yao au pamoja na jeshi la Congo, FARDC. Baraza lilisisitiza kwamba brigedi hiyo ni ya hali ya kipekee na isichukuliwe kuwa kigezo kwa siku za baadaye. Likasema pia kwamba mashambulizi yake lazima yafuate kikamilifu sheria za kimataifa, zikiwemo sheria za kibinadamu za vitani. Ni katika sharti hilo la mwisho ndipo somo letu la leo lilipo.

Ruhusa ya kupigana na namna ya kupigana

Wasomaji wengi waliofuatilia mfululizo huu wameuliza: ikiwa Baraza la Usalama limeshatoa ruhusa, kuna haja gani ya sheria nyingine? Jibu ni kwamba hapa kuna maswali mawili, na kila moja lina sheria yake. Swali la kwanza ni kama mtu ana haki ya kutumia nguvu. Kwa FIB jibu lilitoka kwa Baraza la Usalama chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na serikali ya Congo yenyewe iliridhia. Swali la pili ni anapiganaje. Hili halijibiwi na azimio wala na uzuri wa nia. Linajibiwa na sheria za vita, ambazo huanza kufanya kazi pale tu hali halisi ya mapigano inapofikia kiwango fulani.

Kiwango hicho kilielezwa vizuri na Mahakama ya Kimataifa ya uhalifu wa Yugoslavia ya zamani katika kesi ya Tadić mwaka 1995. Majaji walisema mgogoro wa kivita usio wa kimataifa upo pale ambapo kuna mapigano ya muda mrefu kati ya serikali na vikundi vyenye silaha vilivyojipanga. Kwa hiyo tunapima mambo mawili, ukali wa mapigano na mpangilio wa kikundi. M23 ilikuwa na makamanda, vyeo, wasemaji na eneo iliyolitawala huko Rutshuru, na ilikaa mezani Kampala kujadiliana na serikali. Hapakuwa na shaka kwamba vita ile ilivuka kiwango hicho. Walioingia vitani upande wa serikali, hata kama walivaa kofia za bluu, waliingia ndani ya sheria hiyo.

Agizo la Kofi Annan

Kwa miaka mingi lilikuwapo tatizo la kisheria. Mikataba ya Geneva hutiwa saini na mataifa, na Umoja wa Mataifa si taifa. Wapo waliodai kwamba walinda amani hawawezi kuwa upande katika vita, kwa sababu wanawakilisha jumuiya nzima ya kimataifa. Hoja hiyo ilizidi kudhoofika kadiri askari wa Umoja wa Mataifa walivyojikuta wakipigana, tangu Congo ya miaka ya 1960 hadi Somalia na Bosnia miaka ya 1990.

Tarehe 6 Agosti 1999 Katibu Mkuu Kofi Annan alitoa agizo rasmi kwa majeshi yote yaliyo chini ya Umoja wa Mataifa, likaanza kutumika tarehe 12 Agosti, siku Mikataba ya Geneva ilipotimiza miaka 50. Agizo linasema kwamba askari wa Umoja wa Mataifa wanaposhiriki mapigano kama wapiganaji, kanuni za msingi za sheria za vita zinawabana kwa kiwango na kwa muda wa ushiriki wao. Watenganishe raia na wapiganaji. Wasiwashambulie waliojisalimisha. Wawatibu majeruhi bila kuangalia upande. Wasitumie silaha zilizopigwa marufuku. Na askari akikiuka, atashtakiwa katika mahakama za nchi yake. Kwa hiyo mwanajeshi wa Tanzania aliye Kivu anabaki chini ya sheria ya Tanzania, na wajibu wa kumfikisha mbele ya haki ni wetu.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sheria za vita zimekataa tabia hiyo. Kanuni zinazombana mwasi ndizo zinazombana anayempiga mwasi, na uhalali wa sababu zetu hautupunguzii hata kanuni moja.

Kanuni tatu kwenye vilima vya Kivu

Tazama jinsi jambo hili lilivyokuwa gumu uwanjani. Mwishoni mwa Agosti 2013 mapigano makali yalitokea kwenye vilima vya Kibati, kaskazini mwa Goma. FIB ilitumia mizinga kuisaidia FARDC, na helikopta za MONUSCO zilishambulia ngome za M23. Makombora yaliangukia pia mitaa ya Goma na kuua raia, na ofisa mmoja wa Tanzania aliuawa tarehe 28 Agosti.

Katika mazingira ya namna hiyo kamanda anabeba kanuni tatu. Ya kwanza ni kutenganisha: lengo liwe mpiganaji au kitu cha kijeshi, kamwe lisiwe raia. Kivu ni nchi ya wakulima, na si kila mwenye bunduki ni mwasi. Tarehe 30 Julai 2013 MONUSCO ilitangaza eneo la usalama kuzunguka Goma na kuwapa watu wote wasio wa vyombo vya dola saa 48 kusalimisha silaha, la sivyo wangehesabiwa kuwa tishio kwa raia. Tangazo kama hilo husaidia kuonya, lakini halimgeuzi raia kuwa mpiganaji. Baada ya muda kuisha, askari bado alitakiwa kujiridhisha kwamba aliye mbele yake anapigana kweli.

Kanuni ya pili ni uwiano. Hata lengo likiwa halali, shambulio linakatazwa ikiwa madhara yanayotarajiwa kwa raia yamezidi faida ya kijeshi inayotarajiwa. Mzinga wa waasi uliowekwa kando ya kambi ya wakimbizi ni lengo halali, lakini kuupiga kwa kombora litakaloteketeza mahema kumi ya familia kunaweza kuwa kosa kubwa. Mwasi aliyejificha nyuma ya raia ametenda uhalifu wake. Uhalifu huo haumfutii kamanda wa upande wa pili wajibu wake.

Ya tatu ni tahadhari: kuchunguza, kuchagua silaha na saa inayopunguza madhara, kuonya inapowezekana, na kusitisha shambulio mambo yakibadilika. Desemba 2013 MONUSCO ilianza kurusha kutoka Goma ndege za upelelezi zisizo na rubani, ambazo hazikuwa na silaha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kufanya hivyo. Kisheria, chombo kama hicho kinaongeza wajibu. Anayeweza kuona vizuri hawezi kujitetea baadaye kwamba hakujua.

Ngao ya askari wa amani

Sasa tufike kwenye jambo linalouma zaidi. Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC, unasema kuwashambulia kwa makusudi walinda amani ni uhalifu wa kivita, mradi tu wana haki ya ulinzi unaopewa raia. Sharti hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Mei 2000 nchini Sierra Leone, waasi wa RUF waliwashambulia na kuwateka mamia ya askari wa Umoja wa Mataifa, wakiwemo Wakenya. Mwaka 2009 Mahakama Maalumu ya Sierra Leone iliwatia hatiani viongozi wa RUF, kwa sababu walinda amani wale walitumia nguvu kujilinda tu. Katika shauri la shambulio la Haskanita, Darfur, ambako askari 12 wa Umoja wa Afrika waliuawa Septemba 2007, majaji wa ICC waliona ushahidi dhidi ya mtuhumiwa hautoshi. Hata hivyo walithibitisha kanuni ile ile: mlinda amani analindwa kama raia mpaka atakaposhiriki mapigano moja kwa moja.

Tarehe 7 Desemba 2017, kituo cha askari wa Tanzania wa FIB huko Semuliki, Kivu Kaskazini, kilivamiwa. Taarifa za kwanza zilitaja Watanzania 14 waliouawa, na makumi walijeruhiwa. Ushahidi ulielekea kwa kundi la waasi la ADF, lenye asili ya Uganda. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja tukio hilo kuwa uhalifu wa kivita. Naheshimu uchungu uliomsukuma, lakini sheria lazima ielezwe kwa ukweli. Brigedi ambayo azimio limeiamuru kushambulia, na inayofanya hivyo, ni upande katika vita dhidi ya vikundi inavyopigana navyo. Askari wake hawana tena ngao ya raia. Wapo wanasheria wanaokwenda mbali zaidi na kusema MONUSCO nzima imepoteza ngao hiyo kwa kuwa kamandi ni moja. Siwaungi mkono, maana hoja yao ingemhukumu hata daktari na mhandisi wa ujumbe ule.

Kusema hivyo si kumsafisha muuaji. Katika vita isiyo ya kimataifa, mwasi hana kinga yoyote ya mpiganaji: kumuua askari ni mauaji chini ya sheria ya Congo, na anastahili kushtakiwa. Akimuua aliyejeruhiwa au aliyejisalimisha, huo ni uhalifu wa kivita bila mjadala. Na rekodi ya ADF ya kuwachinja raia wa Beni inatosha yenyewe kuwafikisha mahakamani.

Wanaowatuma wajibu

Wajibu hauishii kwa askari. Mwanzoni mwa 2015 MONUSCO ilisitisha msaada wake kwa operesheni ya FARDC dhidi ya waasi wa FDLR, kwa sababu majenerali wawili wa Congo waliopewa operesheni hiyo walituhumiwa kukiuka haki za binadamu. Ulikuwa uamuzi mchungu lakini sahihi: anayemsaidia mkiukaji hushiriki doa lake. Na dola nayo hulipa. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na makosa kwa matendo ya jeshi lake nchini Congo, na mwaka 2022 ikaiamuru kulipa dola milioni 325 za Marekani.

Baadaye majeshi ya kanda yalirudi Congo bila kofia ya bluu. Jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki liliingia Novemba 2022, na lile la SADC likafuata Desemba 2023. Goma ilipoangukia tena mikononi mwa M23 Januari 2025, askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania walipoteza maisha. Agizo la Annan halikuyahusu majeshi hayo ya kanda, lakini Mikataba ya Geneva inaibana kila nchi iliyoyatuma.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu, wa Dodoma na wa Nairobi, wasikubali kikosi kivuke mpaka kabla ya kupata majibu matatu: askari wanakwenda kulinda au kushambulia, wamefundishwa sheria gani za vita, na nani atawajibika raia akiuawa kimakosa. Familia ya askari ina haki ya kuambiwa kwamba mwanawe anakwenda vitani, na mama wa Kivu ana haki ya kujua pa kupeleka malalamiko yake. Nchi isiyoweza kuwajibu hao wawili haijawa tayari kutuma jeshi.

Wiki ijayo: ndege zisizo na rubani zenye silaha, na nani anawajibika zinapoua.