Pete ya Portia: Mapenzi na Amana katika Mabepari wa Venisi

Mwalimu Nyerere alipoitafsiri The Merchant of Venice ya Shakespeare, aliiita Mabepari wa Venisi. Kitabu kilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno hilo "mabepari" huwapeleka wasomaji wengi moja kwa moja kwa Shylock na ratili yake ya nyama. Mapenzi yanaachwa kama pambo. Mimi naona mapenzi ya humo nayo yanaendeshwa kwa mikataba ileile ya sokoni.

Tukumbushane kidogo. Bassanio ana madeni na anataka kumwoa Portia, binti tajiri. Rafiki yake Antonio anamdhamini kwa Shylock: dukati 3,000, miezi mitatu. Portia naye hana hiari, kwani wosia wa marehemu baba yake unamtaka mchumba achague kasha moja kati ya matatu. Bassanio anapata lile la risasi, anapewa pete na kuapa kwamba haitatoka kidoleni ila kwa kifo. Halafu Portia anajigeuza wakili wa kiume, anamwokoa Antonio mahakamani, anakataa malipo na kudai pete. Bassanio anakataa. Antonio anamsihi, na pete inatoka.

Shuleni Korogwe tuliisoma kwa Kiingereza. Tulicheka Bassanio alipomwapia mkewe kwamba pete hakumpa mwanamke. Likizo nikaenda nyumbani Handeni na nakala ya Mwalimu, nikamsomea shangazi. Yeye hakucheka. "Ngoja kwanza, mwanangu," akaniambia. "Aliyeiomba si ndiye mkewe mwenyewe? Sasa kosa liko wapi?"

Kumbe swali lake lina uzito wa kifani. Mzungu akisema "aliiomba, nikampa" lazima ataje kama ni mwanamume au mwanamke, na hapo kosa la Bassanio linaonekana papo hapo. Kiambishi chetu "a-" hakiulizi jinsia. Kweli, Bassanio bado anakana kwamba hakumpa mwanamke, na hapo amekosea. Lakini kila anaposema tu "aliitaka", anasema kweli kuhusu mkewe bila kujua, mbele ya mkewe.

Nilipomaliza, shangazi akabadili msimamo. "Hata hivyo, ile ilikuwa amana. Amana haitolewi." Neno hilo lina ukoo mmoja na imani na uaminifu. Kwa hiyo suala la nani aliyepewa ni dogo. Kubwa ni kwamba iliachiliwa. Na Portia alikuwa amekwisha kumsikia mumewe akitamka pale mahakamani kwamba angemtoa hata mke ili Antonio apone! Mtego wake naona una uonevu kidogo, maana jamaa alikataa kwanza, lakini hasira yake naielewa.

Tazama sasa wanavyopatana. Antonio, aliyeweka rehani mwili wake kwa mkopo, anajitokeza tena kumdhamini Bassanio, safari hii kwa roho yake. Yaani ndoa nayo inatafutiwa mdhamini, kama deni.

Mchezo una pete nyingine mbili. Ya Nerissa inapotea kwa hila ileile. Ya tatu Shylock alipewa na Leah kabla hajaoa. Binti yake Jessica akatoroka nayo, na habari zikamfikia mzee kwamba imebadilishwa kwa nyani. Katika wanaume wote wa mchezo huu waliopewa pete na mwanamke, ni Shylock peke yake ambaye hakuitoa kwa mkono wake.