Bastola ya Marehemu Isomwe Kabla ya Kusuguliwa

Hutokea katika nyumba za wazee waliotumikia jeshi la King's African Rifles kwamba, baada ya mazishi, sanduku hufunguliwa na ndani yake huonekana bastola ya kale iliyoviringwa kitambaa. Aghalabu mrithi hukimbilia msasa au majivu, akaisugua hata ing'are. Hajui kuwa anaifuta habari yote ya silaha ile. Wapo pia askari wenzetu ambao, wakiletewa silaha ya namna hiyo kituoni, hufanya yayo hayo kwa kupenda usafi.

Tuitwae kwa mfano Webley Mark VI, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1915 na kutengenezwa mjini Birmingham. Ni rivolva ya risasi sita, kipimo chake .455, mtutu wake inchi 6, na uzito wake wazidi kilo moja. Mwaka 1932 ilipokewa rivolva nyingine ya kipimo cha .38 ili ishike mahali pake, lakini Webley ilionekana tena vitani 1939–45.

Kwanza kabisa, ichukuliwe kuwa imejaa. Mdomo uelekezwe mahali pasipo mtu, kidole kiwe mbali na kifyatulio, kisha wenzo ulio ubavuni kushoto usukumwe kwa dole gumba. Mtutu huinama, na risasi zote huinuliwa pamoja. Matundu yote sita yatazamwe, yaguswe pia. Ikiwa kutu imeikaza, isilazimishwe. Aitwe fundi wa silaha. Risasi zitakazopatikana zikabidhiwe kwa wataalamu, kwani uzee hauziondolei hatari.

Ndipo isomwe. Maneno MARK VI, mwaka wa kutengenezwa na nambari ya silaha vimepigwa katika chuma. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Wakati mwingine nyuma ya mpini kuna herufi na nambari za kikosi. Alama yenye uzito kwa mpelelezi ni mishale miwili iliyokutanishwa ncha kwa ncha: maana yake silaha iliuzwa rasmi kutoka jeshini. Ikikosekana, haithibitishi wizi, maana maofisa wa Kiingereza walijinunulia bastola zao wenyewe. Lakini pigo moja la msasa laweza kuondoa ushahidi ambao ungelisafisha jina la marehemu.

Kuhusu utunzaji, kazi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mikono ivishwe glovu za pamba, kwa sababu chumvi ya jasho hula chuma. Kitambaa laini na mafuta mepesi ya silaha, kidogo tu, vyatosha; mafuta ya kupikia huganda na kuwa gundi. Rangi ya kale ya chuma iachwe ilivyo. Wala isilazwe ndani ya ala yake ya ngozi, maana ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Ala ihifadhiwe kando.

Mrithi asiitembeze barabarani. Akitoe kituo cha polisi habari, naye apewe maelekezo, kwa kuwa kurithi hakumpi kibali cha kumiliki silaha. Na askari atakayeipokea aandike kitabuni nambari, mwaka na kila alama, kisha ampe mrithi stakabadhi yenye maelezo hayo hayo. Maneno “bastola moja, kuukuu” hayamsaidii hakimu, wala mtunza makumbusho.